Umande wa Bariadi

Katika nchi ya Usukuma, ambako dhahabu ni nyeupe, ghiliba nayo ina madaraja yake kama pamba yenyewe, iliyo safi na iliyo fifi. Wakulima wa zama za Mwingereza walilalamikia mizani ya wanunuzi, iliyokuwa, kwa ustadi wa kidole kimoja, ikisahau ratili kadhaa. Wakajiundia vyama vya ushirika, hata mwaka 1955 Paul Bomani na wenziwe wakaviunganisha katika VFCU, shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Hila ikakoma? Hasha, ilihamia upande wa pili wa mizani. Leo huko Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu ulioanzishwa 2012, karani afunguaye furushi aghalabu hukuta pamba iliyolala na maji, na akiikung'uta, mchanga humwagikia viatuni, naye mzee mwenye mali, akistaajabu kuliko wote waliohudhuria, husema kwa adabu, “Umande tu, mwanangu.” Mchanga hauulizwi. Karani, aijuaye vyema tabia ya mizani yake, humsamehe kwa moyo mkunjufu, maana katika hisabu yake madeni yamekwisha kulipana, kisha huagana kwa dua.