Barua ya Kujieleza kwa Mheshimiwa Mdoli wa Saizi 10

Kumb. Na. 34/27/37

Kwa Mheshimiwa Mdoli,
Mkuu wa Vipimo,
Karakana ya Ubunifu wa Mitindo,
Dar es Salaam.

YAH: KUJIELEZA KWA NINI NISICHUKULIWE HATUA KWA KOSA LA KUKUNENEPESHA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, maana chako hakipo.

Idara imeniandikia barua ikinitaka nijieleze ndani ya siku saba: ilikuwaje usiku wa kuamkia Jumatatu nikakukuta na kiuno cha inchi 27, nikakuacha na cha inchi 41. Barua inasema nimeharibu mali ya chuo. Ningeweza kumjibu Mkuu wa Idara moja kwa moja, lakini huu ni mwaka wangu wa pili hapa na nimeshajua mwenye kauli ya mwisho karakana ni nani. Mkufunzi akisema gauni limekaa, ana maana limekaa kwako. Mwanafunzi akiambiwa arudie, ni kwa sababu limekubana kwapa, na hali mkono wenyewe huna. Kwa hiyo sikutaka kupita mlango wa nyuma. Najieleza kwa mwenye mali, ambaye pia ndiye mali.

Kosa nakiri. Nilibaki karakana hadi saa nne usiku, mlinzi akidhani nimeshatoka. Nilikuwa na sponji la mto wa kochi, mabaki ya vitenge, soksi mbili nilizozijaza pamba, na pini boksi zima. Nilianza na tumbo, kwa kuwa ndilo ulilonyimwa kabisa. Nikapanda kifuani, nikashuka nyonga, nikamalizia na ile nyama ya mgongoni inayomwagika juu ya mkanda wa sidiria, ambayo sijaiona kwenye jedwali lolote la vipimo ingawa kila mwanamke wa ukoo wetu anaifahamu kwa jina. Kisha nikakufunika shuka, nikazima taa.

Asubuhi shuka lilipoondolewa darasa zima liliangua kicheko. Mwenzangu mmoja aliapa kwamba umefanana na mama mwenye nyumba wake siku ya kodi. Mkufunzi hakucheka. Alikuzunguka mara mbili, akakuminya tumbo, halafu akauliza kwa sauti ya chini kama yuko msibani: "Nani kamfanya hivi?"

Mheshimiwa, nilikufanya hivyo kwa sababu ya shangazi yangu.

Shangazi ni fundi cherehani, yuko Tandika, na mwili wake ndio huo niliokuvika usiku ule, inchi kwa inchi. Nilimshonea gauni la kazi ya mwisho wa mwaka. Kanuni ya Idara inasema kila vazi lipite kwako kabla ya kupanda jukwaani. Nilipokuvisha lile gauni lilikumeza. Ulikuwa kama mwiko ndani ya gunia la mkaa. Mkufunzi akaandika kwenye fomu yangu: "Halina umbo." Nikasema umbo lipo, liko Tandika linapiga pasi. Nikajibiwa kwamba chuo hakiwezi kuleta Tandika karakana. Nikaamua kuileta mwenyewe.

Hapo ndipo ninapoomba ruhusa ya kujitetea kidogo. Kwenye nyumba za mitindo za Paris, zile ambazo picha zake tumezibandika ukutani juu ya bega lako, mteja mkubwa hutengewa mdoli wake. Anapimwa, halafu mdoli anajazwa pamba na vitambaa mpaka afanane naye: tumbo lake, mgongo wake, bega lake lililolala upande. Mteja akinenepa, mdoli naye ananenepeshwa. Kule kazi hiyo ina fundi wake na mshahara wake. Hapa ina barua ya kujieleza. Nadhani tofauti ni kwamba wao hutumia pamba safi, mimi nilitumia mto wa kochi.

Naomba pia tuongee kidogo habari za ukoo wako. Usikasirike, kwetu mchumba akija lazima tuulize ametoka wapi. Wewe ni wa tawi la Uingereza, lakini wenye kumbukumbu nzuri za familia ni ndugu zako wa Marekani. Mwaka 1939 na 1940 serikali yao ilituma watu kupima wanawake, vipimo 59 kwa kila mmoja, na waliopimwa walikuwa karibu 15,000. Ripoti ilitoka 1941. Kazi hiyo ilifanywa na Wizara ya Kilimo. Sibuni. Wizara ileile iliyokuwa ikihangaika na mahindi na ng'ombe ndiyo iliyotafuta kiuno cha mwanamke wa kawaida. Na huyo wa kawaida alitakiwa awe mweupe. Wapimaji waliruhusiwa kumpima mwanamke wa rangi nyingine endapo angekuwa kwenye kundi na kumruka kungeleta maneno. Baada ya hapo vipimo vyake havikuingizwa kwenye hesabu. Yaani alizungushiwa futi kwa adabu tu, kama mgeni anayekaribishwa chakula wakati sufuria imeshaoshwa.

Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1958 wakatoa viwango rasmi vya saizi. Saizi 8 ya wakati ule ilikuwa kifua inchi 31, kiuno 23 na nusu. Lakini biashara haina haya. Wenye viwanda waligundua kwamba mteja akiingia kwenye namba ndogo anatoka dukani na furaha na mfuko mtupu, basi wakawa wanaipanua nguo huku namba ikibaki palepale. Serikali iliviondoa vile viwango mwaka 1983, na kufikia 2008 saizi 8 ya Marekani ilikuwa imenenepa inchi tano hadi sita. Hakuna aliyeiandikia barua ya kujieleza. Mimi nimekuongezea kiuno usiku mmoja, tena kwa pini, na jioni yake kingetoka.

Sasa nikuambie kuhusu daftari la shangazi. Ni kaunta buku la kwaya nne, jalada limeshaliwa na mafuta ya cherehani. Yeye hajawahi kuwa na mdoli. Ana futi shingoni, chaki nyuma ya sikio, na hilo daftari. Ukilifungua huoni saizi hata moja. Unakuta: "Mama mihogo, kifua 46, kiuno 42, hipsi 54, usibane kwapa, anabeba ndoo." Unakuta: "Mwalimu, bega la kushoto liko chini, mkoba." Unakuta: "Bi harusi wa Jumamosi, kiuno 30, acha inchi mbili ndani, atajua mwenyewe." Kuna kurasa ambazo mteja mmoja ameandikwa mara sita kwa miaka ishirini, na ukizisoma kwa mpangilio unaona watoto wakizaliwa, ugonjwa ukipita, mume akiondoka, mwili ukirudi. Mambo hayo Wizara ya Kilimo haikuyapata kwenye vipimo vyote 59.

Nilipomuuliza anafanyaje nguo ikimkataa mteja, aliniangalia kama niliyeuliza maji yanachemshwaje. "Ikigoma unafumua. Mtu huwezi kumfumua."

Hapa chuoni tumejaribu. Kwenye somo la wabunifu wanaotuvutia, mwenzangu wa chumbani alimchagua Karl Lagerfeld, mzee wa Chanel, si kwa nguo zake bali kwa mwili wake. Lagerfeld alipunguza kilo 42 kwa miezi 13, na hakuficha sababu: alitaka kuingia kwenye suti nyembamba alizokuwa akishona Hedi Slimane kwa Dior. Fikiria, Mheshimiwa. Mtu mwenye mafundi wa Chanel mkononi, angeweza kuagiza suti ya kila namba, naye akaona rahisi zaidi ajipunguze mwenyewe. Mwenzangu akafuata nyayo. Wiki ya tatu ya chai ya rangi na tango aliishiwa nguvu kituo cha mwendokasi, akafufuliwa na hindi moja la kuchoma. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba mbunifu huyo alimgusa sana.

Mimi nilimchagua Cristóbal Balenciaga, na hilo pia naambiwa nilikosea. Alizaliwa 1895 Getaria, pwani ya Kaskazini mwa Hispania, na mama yake alikuwa fundi wa kushona. Nilipofika hapo tu nikafunga kitabu kwanza nikapumua. Alijua kukata na kushona kwa mkono wake, na hakuwa na amani na mikono ya nguo: akiona mkono haujakaa, anaung'oa na kuushona upya, hata kama mteja ameshavaa. Shangazi ni hivyohivyo. Nimewahi kumwona akimvua mteja mkono mmoja mlangoni, bodaboda ikisubiri na injini inawaka. Balenciaga alisogeza kola nyuma ili shingo ipate pa kukaa, akaufupisha mkono ili kifundo kionekane, akaiachia nguo isimame mbali na kiuno. Mwaka 1957 alitoa gauni lisilo na kiuno kabisa, likaitwa gunia, na mpaka leo tunalisoma kwa heshima zote. Wateja wake wengi walikuwa wanawake watu wazima, wenye matumbo na historia, na aliwashonea bila kuwaambia warudi wakishapungua.

Gauni la shangazi limetoka hapo. Kola imekaa nyuma, mkono unaishia chini kidogo ya kiwiko ili usiguse chaki, mgongo umeachiwa. Kitambaa ni kitenge cha Kariakoo, bitana ya pamba. Mkufunzi akasema linamkumbusha dera. Alikusudia kunitukana, lakini nilishukuru.

Usidhani mkufunzi ni mtu mbaya. Wiki mbili kabla ya kosa langu alituonyesha picha za mkusanyiko wa mbunifu Rei Kawakubo wa mwaka 1997, ule ambao wanamitindo wembamba walivalishwa nguo za kunyumbulika zenye vifurushi vya kujaza ndani: nyonga moja imevimba, mgongo una nundu, makalio yamekaa pasipotarajiwa. Alitueleza machozi yakiwa karibu kumtoka kwamba hapo ndipo mwanamke alipokombolewa kutoka kwenye umbo alilopangiwa. Mtu wa nyuma akauliza: "Si vigodoro hivyo, mwalimu?" Tukatolewa nje wanne, mimi nikiwemo, na sikuwa nimesema neno. Nadhani kosa langu lilikuwa kicheko.

Lakini nikiwa pale nje niliacha kucheka. Nilimkumbuka Saartjie Baartman, mwanamke wa Kikhoekhoe kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1810 alipelekwa London akaonyeshwa kwa kiingilio, watu wayatazame makalio yake. Alifia Paris mwaka 1815. Wakachukua umbo la mwili wake kwa plasta, kisha mwili wenyewe wakaupasua na mabaki yake wakayaweka makumbusho, na hakurudishwa kwao kuzikwa hadi 2002. Miaka ya 1870 na 1880 mabibi wa miji hiyohiyo wakawa wanafunga fremu na mito nyuma ya magauni ili wabenuke. Nawaambia wenzangu hii ndiyo historia ya mitindo, wananiambia haitatoka kwenye mtihani.

Kwenye karatasi za chuo watu wa mwili wangu tunaitwa "saizi za nyongeza". Sina ugomvi na jina hilo. Sokoni nyongeza ndiyo kitu mteja anachoomba. Ila nimeshangaa kwamba sisi tunasoma mitindo miaka mitatu bila kujua jambo ambalo mwenye duka la Kariakoo analijua kabla hajafungua mlango. Umewahi kuwaona ndugu zako wa kule? Wamepangwa barazani, wamefungwa kamba wasiibwe, na wana nyonga! Wengine walitoka kiwandani nazo, wengine wamejazwa matambara na mwenye duka mwenyewe, kwa sababu suruali ikining'inia kwenye kijiti hainunuliwi. Yeye hakuandika ripoti yoyote. Aliwatazama tu wanaopita.

Baada ya maelezo hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, fomu yangu isomeke "halina umbo la Mdoli", liwe kosa mahususi. Pili, kama ada yangu itakatwa kufidia madhara, Mtunza Stoo aonyeshe madhara hayo ni yapi, maana nilikuta matundu ya pini ya miaka yote ya nyuma, na hayo hayakupata barua. Tatu, shangazi aruhusiwe kuja siku ya onyesho, apande jukwaani akiwa ndani ya gauni lake. Akikataliwa jukwaa, basi apewe kiti cha mbele chenye nafasi, sio vile vya plastiki vyenye mikono vinavyong'ang'ania mtu akisimama.

Nakutaarifu kwamba nimeshakurudisha ulivyokuwa. Tumbo nimelitoa, soksi nimezifua, na sponji limerudi Tandika kwa sababu shangazi aligundua kochi limebonyea. Pini nilizihesabu wakati wa kuzitoa, zikapungua mbili. Nimekupapasa kote sijaziona. Nahisi ziko ndani ya nyonga ya kushoto, kwa hiyo mwanafunzi atakayekuvisha kesho ashike polepole.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi, Mwaka wa Pili
(kifua 45, kiuno 40, hipsi 51)

Nakala:
Mkuu wa Idara – kwa taarifa.
Mtunza Stoo – kuhusu pini.
Shangazi, Tandika – gauni lipo kabatini, njoo ulijaribu Jumapili. Mkono wa kulia sijauridhia, nitaufumua.