Kilwa Tuliipa Asubuhi Moja!

Mtaniwia radhi, kahawa yangu leo isubiri kidogo. Tangu nishuke basi Rangi Tatu jana usiku nasonya tu, na kila anayeniuliza "vipi matembezi, bwana?" namjibu nusu nusu. Matembezi yalikuwa mazuri. Kinachoniuma ni siku ya mwisho.

Siku nne tumekaa Kilwa Masoko, mimi na swahiba wangu yule fundi mwashi mnayemfahamu. Tatu zikaishia ufukweni Jimbiza: kuogelea, samaki wa kuchoma, usingizi wa mchana, na "Kilwa Kisiwani, kwenye magofu, tutakwenda kesho". Kesho hiyo ikasukumwa mpaka ikagota siku ya kurudi, basi linatungoja saa nane mchana. Mji uliokuwa na mkono kwenye dhahabu ya Sofala, mji ambao Ibn Battuta alifika mwaka 1331 akausifu kwa uzuri, sisi wenye nchi tumeutengea saa tano! Ntch!

Na asiniambie mtu kule kuna mawe tu. Neno hilo nimelisikia hapa hapa, kwenye benchi hili, na linanikera kuliko joto la Mbagala. Mawe gani? Mji huo ulipiga sarafu zake wenyewe za shaba, zenye majina ya masultani wake. Moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe, bara huko. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko mimi sikwambii, lakini mawe tu hayafiki mbali hivyo.

Basi, tukachukua kibali, tukapewa mtu wa kututembeza, tukapanda mashua. Unavuka mara moja tu, na la kwanza kukupokea ni Gereza. Wareno walijenga ngome yao pale mwaka 1505, Waomani wakaja kuijenga upya. Hapo hatukukaa.

Tulikwama Msikiti Mkuu. Umeanza karne ya 11, ukapanuliwa baadaye, na ukiingia unaona nguzo nyuma ya nguzo, juu kuba ndogo ndogo. Penye kuba iliyoanguka unaiona mbingu. Mimi nilikuwa natoa simu nipige picha. Swahiba hakupiga hata moja. Aliweka kiganja kwenye nguzo, akakipitisha taratibu kufuata maungio, akakwaruza kidogo kwa ukucha, akanusa kidole. "Chokaa," akasema. "Hapa hakuna nondo hata moja, na kuba imesimama."

Akaanza kumhoji yule kiongozi wetu kama mtu anayetaka kuchukua kandarasi. Chokaa mliichomaje? Mzee akamweleza: unapanga magogo duara, matumbawe unayarundika juu yake, unawasha moto, mwisho unabaki na unga mweupe. Na yale mawe yenye nakshi? Hayo ni matumbawe yaliyotolewa baharini yangali mabichi. Yakiwa hivyo ni laini, unayachonga utakavyo, yakikauka ndiyo yanashika ugumu. Swahiba akakaa chini kabisa, mgongo kwenye ukuta. Miaka ishirini anajenga nyumba za watu, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi yake ina babu pale.

Na hapo ndipo nahodha akapiga ukelele kutoka ufukweni: maji yanakupwa!

Husuni Kubwa tuliikimbia, wallahi. Jumba la kifalme la karne ya 14, juu ya genge, bahari chini yako, lina vyumba zaidi ya mia, na birika la kuogea lenye pembe nane. Sultani huyo huyo wa ile sarafu ndiye anayetajwa kulijenga, na kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Hapo panataka nusu siku. Sisi dakika ishirini, na ishirini zenyewe naangalia saa.

Njiani kushuka, swahiba akainama. Kigae kidogo cha chombo cha Kichina, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, rangi yake kijani iliyofifia kama maji ya mkoko. Akakigeuza, akakifuta kwenye shati, mkono ukaelekea mfukoni. Yule mzee hakumkemea. Alisema tu, "Mwanangu, kila anayekuja akichukua kimoja, wajukuu zako wataokota nini?" Swahiba akapiga goti, akakirudisha kwenye tundu lake lile lile, akakifunika na udongo kwa vidole viwili.

Kwenye basi hakusema kitu mpaka Nangurukuru. Nikadhani amelala. Kumbe anawaza, akanigeukia: "Songo Mnara iko mbali gani na pale?" Songo Mnara! Imeandikwa pamoja na Kisiwani kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na sisi hata kuiulizia hatukuiulizia tulipokuwa pale, mguuni pake. Nikasonya mpaka abiria wa mbele akageuka.

Tumeshapatana, baada ya masika tunarudi, na safari hii tunapanda mashua kwanza, Jimbiza itatukuta jioni. Mashua bei yake ni ile ile mkiwa wawili au sita. Nani anakuja?