Namna ya Kununua Amplifaya ya Besi Bila Kuvunja Mgongo, Ndoa wala Bendi

Ndugu mpiga besi, kabla hujatoa pesa, hesabu ngazi. Hesabu za nyumbani kwako, za chumba mnachofanyia mazoezi na za jukwaa la kanisa. Kisha jiulize nani atabeba. Mpiga solo atakuwa ameshaondoka, gita mgongoni. Mwimbaji anapiga picha na maharusi. Mpiga dramu ana mizigo yake inayomtosha. Mtabaki wewe, amplifaya, na dereva wa bajaji anayelikagua lile boksi huku akipandisha nauli moyoni.

Uzito ndio swali la kwanza, na yeyote anayekuambia uanze na chapa hajawahi kushusha boksi usiku wa manane. Wengi wetu tumelewa picha za Ampeg SVT, ile iliyotoka mwaka 1969 ikiwa na wati 300 na vali 14, na Rolling Stones wakazunguka nayo Marekani mwaka huohuo. Kichwa chake peke yake kina kilo 40 hivi. Boksi lake lenye spika 8 za inchi 10 linapita kilo 60. Ni chombo cha heshima, nami nakiheshimu, lakini kilitengenezwa kwa watu wenye lori, wapagazi na viwanja vilivyojaa. Ukikinunua ili upige Jumapili kanisani na harusi moja moja, umeamua kufuga ng'ombe katika chumba cha kupanga.

Leo kuna vichwa vya kilo mbili au tatu vinavyotoa wati 500. Siri yake ni kwamba transista zake haziruhusu umeme upite nusunusu na unaobaki ugeuke joto. Huwaka na kuzima kabisa, mamia ya maelfu ya mara kila sekunde, na ile transfoma kubwa ya chuma imepisha kifaa chepesi kinachofanya kazi kwa mtindo huohuo. Joto kidogo, chuma kidogo, kilo chache. Watakuja wakongwe kukuambia kwamba vali zina utamu wake. Ni kweli, zina utamu. Waambie waje wabebe.

Tukija kwenye wati, hapa ndipo vijana wengi huliwa pesa zao mchana kweupe. Pita kwenye maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, utaona sabufa zenye vibandiko vya dhahabu: wati 10,000 PMPO. Chukua kalamu. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata chini kidogo ya wati 3,000. Hizo 7,000 nyingine sabufa inazitoa kwa nani? PMPO ni namba ya kuuzia. Wewe tafuta herufi RMS, yaani wati zinazotolewa mfululizo, na kama hazipo popote, si kwenye boksi wala kitabu chake, mshukuru muuzaji uende zako.

Besi inahitaji wati nyingi kuliko gita la kawaida, na sababu yake ni ya kimaumbile. Uzi wa E wa besi, ukiupiga wazi, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gita la solo mara 82. Sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini kiasi hicho, kwa hiyo lazima usukume hewa nyingi ndipo likubali. Lakini usirukwe na akili. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu. Ili msikilizaji aone sauti imekuwa maradufu, unahitaji wati mara kumi hivi. Maana yake, tofauti ya wati 400 na 500 haifai hata kulala njaa siku moja kwa ajili yake. Ukitaka kusikika zaidi, ongeza spika. Kwa chumbani, wati 25 zinatosha na kubaki. Kwa kwaya yenye dramu, 100 ndiyo mwanzo wa mazungumzo. Kwa bendi kamili yenye mpiga dramu mwenye hasira na magita mawili, tafuta 300 hadi 500.

Kuhusu ile sabufa ya sebuleni: usipigie besi. Najua ipo, najua ni ya bure, najua mpwa wako amekuonyesha waya wa kuiunganishia. Sabufa imetengenezwa itoe sauti za chini kabisa na kuziacha zile za kati, na kwenye zile za kati ndiko noti hujulikana jina lake. Utatikisa madirisha ya jirani, naye hatajua kama uko kwenye C au F. Amplifaya ya gita la solo nayo iache. Spika yake haikuumbwa kwenda mbele na nyuma umbali unaodaiwa na besi, na siku utakapokazana itachanika. Ukikwama, amplifaya ya kinanda ni ndugu wa karibu zaidi, kwa sababu nayo imezoea kubeba sauti za chini hadi za juu.

Haya, umenunua. Sasa usiiguse.

Naam, vitufe vyote viweke saa sita na uviache hapo wiki nzima. Najua mkono unakuwasha. Unataka kupandisha besi mpaka mwisho, upandishe na trebo, kisha uzishushe sauti za kati mpaka zizame. Ukiwa peke yako chumbani, mpangilio huo ni mtamu kama nini. Ukifika kwenye bendi, unapotea. Dramu kubwa ya mguu imekalia kule chini, matoazi na magita yamekalia kule juu, na ile sehemu ya kati iliyokuwa nyumba yako umeibomoa kwa mkono wako. Hapo sasa unapandisha sauti. Mpiga solo naye anapandisha. Mwimbaji anapiga kelele, na ndoa ya bendi inaanza kuvunjika kwa kitufe kimoja cha ukubwa wa kifuniko cha soda.

Nenda ukasikilize Sina Makosa ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978. Msikilize Tom Malanga kwenye besi. Usiusikilizie wimbo huo kwenye mitambo mikubwa. Usikilizie kwenye redio ndogo ya betri, ile ya kuning'iniza dirishani. Kispika chake hakina uwezo wa kutoa mtetemo wa mara 41 kwa sekunde, wala hakikaribii. Hata hivyo besi unaisikia, unaweza kuiimba, na mguu unagonga sakafu wenyewe. Kinachokufikia ni mitetemo iliyo juu ya ule wa msingi, ya mara 124, 165, 206 na kuendelea, na ubongo wako unaujazia ule wa chini uliokosekana. Sikio linafanya kazi hiyo bure. Unachodaiwa wewe ni kulipa malighafi, yaani sauti za kati zilizo safi. Kwa hiyo bendi ikianza na ukajiona umezama, usikimbilie kitufe cha besi. Pandisha zile za kati kidogo, kati ya mitetemo 250 na 800 kwa sekunde, uone kama mpiga rizimu hatageuka kukutazama kwa mara ya kwanza tangu mjuane.

Mwenye kudhani kwamba amplifaya kubwa ndiyo iliyowafanya wakubwa wawe wakubwa, amtazame James Jamerson wa Motown, Detroit. Besi yake iliwafundisha kazi wapigaji wa dunia nzima, na studioni sauti yake iliingizwa moja kwa moja kwenye meza ya kurekodia. Vidole na nyuzi vilifanya sehemu kubwa ya kazi. Nazo chapa zina vituko vyake. Leo Fender alitoa Bassman mwaka 1952 kwa ajili ya wapiga besi. Wapiga gita wakaichukua wakaipenda kuliko walioandaliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Jim Marshall kule London akajenga amplifaya yake ya kwanza kwa kufuata mchoro wa Bassman. Jina lililoandikwa mbele ya boksi halipigi noti. Funga macho, sikiliza, ndipo usome.

Mahali pa kuiweka amplifaya pia pana siasa yake. Spika inatazama magoti yako. Kwa hiyo wewe uliye karibu unasikia kidogo, unapandisha, na shangazi aliyekaa mstari wa nyuma anashika kifua. Inua amplifaya, iegeze nyuma itazame sikio lako, hata kama ni juu ya kiti cha plastiki kilichoazimwa. Usiisukumie kwenye kona, maana kuta mbili na sakafu zitaongeza mvumo ambao hukuuomba. Jukwaa la mbao lililo tupu chini yake litavuma pamoja nawe, basi weka godoro dogo la sponji chini ya boksi. Kanisa lenye bati juu na saruji chini litarudisha kila kitu mara mbili. Hapo punguza besi na upige noti fupi. Kisha, kabla watu hawajaingia, mpe mwenzako besi apige, wewe ushuke ukasimame mlangoni. Sauti inayostahili kurekebishwa ni ile ya mlangoni.

Kwenye ukumbi mkubwa usishindane na chumba. Kuna fundi mitambo. Msalimie kwanza, muulize jina lake, kisha umwombe laini. Amplifaya nyingi za leo zina tundu nyuma la kupeleka sauti kwenye meza yake, na kando ya tundu kuna kiswichi cha kuchagua kama anachopata yeye kinapita kwenye vitufe vyako au hakipiti. Chagua kisipite. Hapo utajirekebishia sauti yako jukwaani bila kumharibia yake. Kukiwa na mvumo wa umeme, jaribu kiswichi cha kukata ethi, yaani muunganisho wa ardhini, ya waya wa laini. Ethi ya plagi ya ukutani usiikate kamwe, hata mtu akikuapia kwa mzazi wake. Hiyo ndiyo inayokutenganisha na kifo.

Na umeme wenyewe. Binamu aliyeko Marekani akikutumia amplifaya, pokea kwa shukrani, kisha geuza nyuma usome. Ikiandikwa volti 120 peke yake na wewe ukaichomeka kwenye 230, utapata harufu, moshi na funzo kwa pamoja. Ikiandikwa 100 hadi 240, endelea kwa amani. Tanesco au Kenya Power wakikata katikati ya wimbo, zima swichi papo hapo, usisubiri, kwa maana umeme unaporudi mara nyingi huja na kishindo. Weka stebilaiza, hasa pale harusi inapoendeshwa kwa jenereta lililofungwa kwenye mwembe.

Spika za pili zina hesabu ndogo ambayo lazima uijue. Maboksi mawili ya omu 8 yakiungwa sambamba yanakuwa omu 4. Ukiongeza la tatu, unashuka chini ya 3, na amplifaya nyingi zitapata moto na kujizima, zikikuhurumia. Za vali zina adui mwingine: usiziwashe kamwe bila spika, maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na waya wa gita usiutumie kuungia spika. Ni mwembamba, na kazi hiyo si yake.

Ukinunua iliyotumika, nenda na besi yako mwenyewe, uzi wa E ukiwa mzima. Piga kwa sauti ya kazini, si ya dukani, kwa dakika kumi. Sikiliza kama kuna kitu kinachechemea ndani ya boksi, zungusha kila kitufe uone kama kinakwaruza, mulika kwa tochi ya simu uangalie kama karatasi ya spika imechanika, kisha sogeza pua. Koili iliyoungua ina harufu, na harufu haipunguziwi bei. Muuzaji akikataa usijaribu, amekujibu.

Nyumbani, mwambie mwenzako bei halisi. Usiipunguze, usiseme umeazimwa. Kisha hakikisha amplifaya ina tundu la hedifoni na ulitumie kila usiku bila kukumbushwa.

Hukumu yangu ni hii. Kwa anayepiga kanisani na harusini, nunua kombo, yaani amplifaya na spika katika boksi moja, ya wati 100 RMS, spika ya inchi 12, yenye tundu la laini na la hedifoni. Fender Rumble 100 ni mfano mmojawapo, nayo haifiki kilo 11. Ukumbi ukikuzidi, laini ya fundi mitambo itakubeba. Kwa pesa iliyobaki, nunua nyuzi mpya, waya mmoja mzuri na stebilaiza, kwa mpangilio huohuo.