Kofia Ngumu Haina Pa Kulala

Katika nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, pikipiki hulala ukumbini kwa kuogopa wezi, na wapangaji wamezoea kuipita ubavuubavu wakienda chooni usiku. Hilo halina ugomvi. Ugomvi uko kwenye vifaa vyake: kofia ngumu mbili, moja ya dereva na moja ya abiria kama sheria inavyotaka, koti, glavu, buti, koti la mvua na kizibao cha kung'aa. Vyote hivyo huingia chumba kimoja na kitanda, jiko la gesi na ndoo za maji.

Kofia ndiyo mpangaji msumbufu kuliko wote. Haikunjiki wala haipangiki juu ya mwenzake. Juu ya friji, hudondoka mlango ukivutwa kwa nguvu. Kwenye kochi, shangazi aliyetoka juani huikalia kabla hajaitikiwa hodi. Uvunguni, mende huihamia na familia. Na mende wa kofia hana haraka: husubiri dereva afike katikati ya foleni ya Ubungo, mikono yote imeshika usukani, ndipo atembee shingoni.

Wengine huitundika kwenye kioo cha pikipiki, na hapo utani unakwisha. Ndani ya kofia mna povu gumu, jamii ya lile linalokuja na televisheni mpya, na kazi yake ni kubonyea ili fuvu lisibonyee. Ncha ya kioo huanza kulibonyeza bila ajali yoyote. Petroli nayo huliyeyusha, kwa hiyo kidumu cha akiba kisikae nalo kona moja. (Chumbani kisikae kabisa, lakini hiyo ni kesi nyingine.)

Heshima ya kofia hii ilianzia msibani. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, ofisa na mwandishi wa Uingereza, alikufa baada ya kuanguka na pikipiki, kichwa wazi. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye mwaka 1941 alichapisha utafiti wa majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki. Mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru madereva wake wa pikipiki wavae kofia.

Koti la ngozi lina mikasa yake. Mtu wa pwani hulifunga kwenye mfuko wa nailoni masika yanapoanza, akidhani analihifadhi. Mvua zikikata hutoa kitu cha kijani chenye manyoya. Ngozi inataka hewa. Buti nazo zishindiliwe magazeti makavu, yanywe unyevu.

Wajenzi wa zamani wa Lamu waliliona hili la nafasi. Kuta zao zilikuwa na vidaka, na humo sahani za kaure zilikaa wazi, zikawa pambo. Asiye na kidaka amwone seremala wa Keko: ubao mmoja, vigingi vya koti na kizibao, na vipande viwili vya mti vilivyochongwa mviringo, vinene kama kichwa cha mtoto, vya kuvalisha kofia. Sebule hupendeza, na shangazi hukaa salama.

Ubao ufungwe kwa skrubu, si misumari. Ukuta wa bloku zenye mchanga mwingi huachia msumari, na kwa kawaida huuachia saa nane za usiku.