Namna ya Kumuua Kaizari Bila Mtu Kusikia

Anza na spika. Waigizaji, nyimbo na mazoezi vitafuata, lakini spika zikodishwe mapema, kwa sababu kwetu mkoani Mara igizo la nyimbo hupimwa kwa urefu wa spika zilizopangwa mbele ya watu. Kama bwalo la shule linaingiza watu mia na hamsini, dai muziki mnene uliotoka kwenye mikutano ya kampeni. Fundi mitambo atakuuliza watazamaji ni wangapi. Usimjibu. Mwambie afunge zote.

Mchezo nimekuchagulia: Juliasi Kaizari wa Shakespeare. Mwalimu Nyerere aliutafsiri, chapa ya kwanza ikatoka 1963 na iliyosahihishwa 1969, na kwa kuwa amelala Mwitongo, Butiama, hutapata mahali panapofaa zaidi pa kuyafukia maneno yake. Ongeza nyimbo kumi, kwaya ya watu ishirini, ngoma, na mpiga litungu. Litungu lina nyuzi nane, na mvumo wake wa chini hufika hadi jikoni bila msaada wa umeme. Kwa hiyo liwekee maiki mbili.

Sasa mpangilio. Spika zikae nyuma ya waigizaji, zikiwatazama migongoni. Maiki ikisikia spika, spika hukirudia kilichosikika, maiki hukisikia tena, na mzunguko huo ndio ule mluzi unaowafanya watoto wazibe masikio. Wapo wanaoshikilia kwamba spika zikae mbele ya maiki na zielekee kwa watazamaji, eti maiki nyingi za mkononi hazisikii vizuri kinachotoka upande wa mkiani. Ni kweli, ndiyo maana inabidi uiharibu hiyo hali. Mfundishe kila mwimbaji kukifumbata kichwa cha maiki kwa kiganja kizima, kama anavyowaona wasanii wa video. Hapo maiki huanza kusikia pande zote, na mluzi utakuja hata spika zikiwa uani.

Kwaya nayo. Maiki mbili zilizoning'inizwa juu yao zingetosha, lakini maiki mbili hazina hadhi kwenye picha. Kila mtu apewe yake, na zote ziachwe wazi, pamoja na ya yule aliyekwenda chooni. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, fundi hulazimika kushusha sauti kama desibeli tatu ili mluzi usianze. Kutoka moja hadi kumi na sita ameshusha kumi na mbili, na Bruto haonekani akifanya lolote zaidi ya kuchezesha midomo.

"Fundi, maiki ya Bruto haitoki."

"Inatoka, mwalimu. Yeye ndiye hatoki."

Kitufe cha eko kizungushwe hadi kigome, kisha umwombe fundi ajaribu tena. Bwalo la kuta za saruji na paa la bati lisilo na dari tayari lina mwangwi wake wa kuzaliwa, lakini huo haukulipiwa. Besi pia ipandishwe. Maneno tunayatambua kwa konsonanti, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kati ya hezi 2000 na 4000, juu zaidi ya besi. Ukiifunika sehemu hiyo kwa besi, Antonio atalilia damu ya Kaizari, watazamaji watasikia zamu ya Kaizari, na mstari mzima utaketi ukisubiri kujua zamu inayofuata ni ya nani.

Milio ya jukwaani ipakue kwenye simu, na simu iwe ileile unayopokelea hela za viingilio. Iweke juu ya mikisa, ile mashine ya fundi ya kuchanganyia sauti. Kabla haijaita, spika zitatetema trr-trr-trr, na watu watadhani ni dalili za mbinguni kabla ya mauaji. Kelele za umati wa Roma nenda ukazirekodi asubuhi Mwigobero, Musoma, boti zikishusha samaki. Antonio akiwaomba Warumi masikio, Warumi watamjibu bei ya sato. Majeraha yana utata: waandishi wa kale wamehesabu 23, Shakespeare kaandika 33. Chukua 33, kwa sababu sauti nzuri ya kisu ni ya kabichi, na mpishi wa shule lazima apate sababu ya kukukasirikia. Radi haina haja ya kutengenezwa. Panga onyesho katikati ya masika, na bati litafanya tendo la kwanza, la pili na la tatu bila malipo.

Ukitaka kutoka nje ya bwalo, Musoma imejaliwa ziwa. Elekeza spika majini. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani na kuibeba sauti vizuri sana. Chagua usiku usio na mwezi, maana ndio usiku wa dagaa. Wavuvi huko na taa zao watakifuata kisa chote hadi mwisho. Watazamaji waliokaa nyuma waongezee spika nyingine, mita 34 kutoka jukwaani, na usiruhusu mtu yeyote aziwekee ucheleweshaji. Sauti hewani hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo watasikia kila neno mara mbili, la jukwaani likichelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Tiketi moja, Kaizari wawili.

Bunda ni rahisi. Kaa karibu na barabara kuu ya Mwanza, saa moja jioni.

Butiama ndiyo yenye kazi, kwa sababu kuna utulivu. Chini ya miti, watu mia wakiketi nusu duara karibu na mwigizaji aliyefundishwa kutoa sauti tumboni, kila neno lingefika, na litungu juu yake. Aibu hiyo izuie mapema: leta jenereta, ulifunge nyuma ya pazia. Nje, umbali ukiongezeka maradufu sauti hupungua desibeli sita, hivyo kulisogeza kutoka mita tano hadi arobaini kungelipunguzia ngurumo desibeli 18. Lakini hapo utaombwa ununue waya.

Maiki nzima kuliko zote usiiguse. Ni ya MC na mgeni rasmi, na hotuba itasikika hadi senti ya mwisho ya ahadi. Majaribio ya sauti yafanyike watu wakishaketi: haloo, haloo, cheki, moja, mbili. Tatu huwa haifikiwi.

Mwisho, mahali pa mikisa. Usiiweke katikati ya watazamaji, ambako fundi atasikia wanachosikia wao. Mpe fundi chumba cha pembeni chenye dirisha dogo, na hedifoni. Mama mmoja atakuja baada ya onyesho kulalamika kwamba hakuambulia hata wimbo mmoja. Mpeleke kwa fundi. Fundi atakuwa anakunja waya na hatainua kichwa: "Mbona huku kwangu ilikuwa safi, mama?"