Farasi wa Shemeji

Shemeji yangu yuko Kanada, jimbo la Quebec, na tangu apate kazi kwenye banda la farasi mimi sipati usingizi. Wakati wa baridi yao, yeye akitoka kazini saa kumi na moja jioni, kwetu Lac Vert, upande wa magharibi wa Goma, ni saa sita ya usiku, na hapo ndipo simu inapoanza. Angalau angeandika, ningesoma asubuhi. Hapana, yeye ni wa ujumbe wa sauti, dakika nzima nzima, na zote ni za kwato. Dada yake yu hali gani, hajui. Makala yamefika bei gani, hajui. Barabara ya Sake ikoje, wala. "Shemeji, leo umekagua miguu ya yule mbuzi?"

Nitawagawia elimu hii niliyopewa bure, maana sina pa kuipeleka. Theluji, kumbe, haipatani na farasi. Akitembea juu yake, inaingia chini ya ukwato na kujaa ndani ya kiatu cha chuma. Joto la unyayo linaiyeyusha kidogo, baridi inaigandisha tena, hatua nyingine inaongeza nyingine, mpaka mnyama wa kilo mia tano anatembea juu ya madonge ya barafu kama bibi harusi aliyeazima viatu virefu. Hapo kuteguka ni kitu cha dakika moja. Basi wengine humvua farasi viatu msimu mzima wa baridi, kwa sababu unyayo mtupu hukunjuka na kuitema theluji wenyewe. Wengine humwekea raba kati ya kiatu na unyayo, na vijino vya chuma ili asiteleze. Na kila wiki sita au nane anakuja fundi wa kwato, ana gari lake na nyundo zake, anakata, anapiga tupa, anagonga misumari, analipwa. Shemeji aliponitajia malipo hayo nilimwomba arudie. Aliporudia, nikamwomba asije akayataja mbele ya dada yake.

Sina ugomvi na hayo. Nchi yao, farasi wao, barafu yao. Kinachonichosha ni kwamba anataka niyafanye hapa. Theluji ya Kivu Kaskazini iko Rwenzori, kule juu kabisa Margherita, mita 5,109, na mbuzi wangu hajawahi kuomba ruhusa ya kwenda. Huku kwetu chini ni mawe. Volkano ya Nyiragongo ilimwagika mwaka 1977, ikamwagika 2002, ikamwagika tena 2021, na sisi wa upande huu wa magharibi tumekalia mawe ya zamani kuliko hayo. Hata hilo ziwa letu la kijani tunaloringia wageni ni shimo la volkano lililojaa maji. Wengine huchimba shamba kwa jembe. Sisi tunaanza na nyundo.

Lakini shemeji akishashika jambo! Juzi akaleta dawa mpya: kabla ya kumtoa mnyama nje, mpake mafuta chini ya ukwato, theluji haitashika. "Vazelini, shemeji, au hata mafuta ya kupikia yanafaa." Mafuta ya kupikia! Katika nyumba hii, ambamo mama watoto anapima mafuta kwa kizibo cha chupa! Naye alikuwa macho, akasikia. Akasema baridi ya Kanada imemwingia kaka yake kichwani, akageukia ukutani.

Nikamweleza shemeji kwamba sisi farasi wetu ni chukudu, kigari cha mbao cha kusukuma. Anapita hapa barabarani kila siku na magunia ya makala na mbao, hali nyasi, hafukuziwi nzi. Gurudumu la mbao linavishwa ukanda wa tairi kuukuu, linagongwa misumari, na ukanda ukilika unagongwa mwingine. Fundi wake anakaa kando ya njia na haji na gari. Shemeji hakujibu. Usiku ule nililala.

Sasa, wapo majirani watakaosema mbuzi wa kwetu hahitaji kukatwa kwato, jiwe lenyewe ni tupa. Ni kweli kwa mbuzi anayetembea. Wangu anasimama juu ya mbao, kwa sababu kiwanja ni kidogo, majani yako mbali na wezi wako karibu. Juu ya mbao hakuna kinachomsugua. Ukwato unarefuka, unajikunja kwa chini, unashika mavi na maji, na mvua ikishakuwa ya kila siku ndani yake panaanza kuoza. Harufu yake ukiipata mara moja, hutasubiri daktari wa mifugo aitaje.

Kwa hiyo nakata mwenyewe, baada ya mvua, ukwato ukiwa umelainika. Mama watoto anashika pembe na kunikosoa. Mimi nabana mguu katikati ya magoti, nakwangua uchafu kwa ncha ya kisu, na mara nyingi kati ya kwato mbili nakuta kipande cha jiwe jeusi kimejichomeka, kimezungukwa na nyama nyekundu iliyovimba. Nikikichomoa anapiga teke, bidoni ya maji inalala. Kisha naukata ukingo taratibu, vipande vyeupe vinaanguka, mpaka rangi ya waridi ianze kuonekana kwa mbali. Hapo naacha, mbele ya hapo ni damu. Na malipo ya fundi huyu? Anaambiwa akachote maji mengine.

Ila kinachoua mbuzi Lac Vert si kwato. Ni mazuku. Shemeji alizaliwa Goma, anapaswa kuyajua kuliko jina la bosi wake. Hewa ya ukaa inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, inalala mabondeni na kwenye mashimo, hasa alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Haionekani. Mtu mzima anaweza kupita kichwa chake kikiwa juu yake asijue kitu, lakini mbuzi pua yake iko chini, anainamisha kichwa kula, anaanguka hapo hapo. Nawe ukiinama kumwokoa, mmekuwa wawili. Na bila shaka majani yaliyonona yamo humo humo, maana nani aliwahi kuyala akarudi?

Nikamuuliza shemeji: huko kwenu kuna dawa ya hilo? Kesho yake akajibu kwamba atamuuliza fundi wa kwato.

Badala ya jibu akatuma mzigo, kwa mkono wa msafiri. Mimi niliomba taa ya sola. Ndani ya karatasi kulikuwa na ndoano ya chuma ya kuchokolea kwato, ina mpini mzuri na brashi upande wa pili. Ni ya farasi. Kwenye ukwato wa mbuzi haiingii hata ncha. Mama watoto ameichukua anakwangulia ukoko, na anasema hajawahi kuletewa kitu cha maana hivi na ndugu yake yeyote. Shemeji anadai picha ya ndoano ikiwa kazini. Picha ninayo, ila ni ya sufuria.