Idd ya Maridhiano

Sisi watu wa Pemba haturithi mikarafuu na visima peke yake. Chama nacho tunakirithi, na mirathi yake haina kadhi wa kuigawa. Marehemu babu yangu, Mola amrehemu, aliacha wana wawili wanaohusika na habari hii: shangazi yangu, bintiye mkubwa, aliyeolewa katika nyumba ya Hizbu na baada ya miaka mingi akaingia CUF yeye na masufuria yake, na mdogo wake, ami yangu, aliyekuwa Afro-Shirazi tangu ujana wake hata CCM ilipozaliwa mwaka 1977, akavukia huko bila ya kushusha mzigo. Nyumba zao, hapo Chake Chake, zinapakana, na kisima chao ni kimoja, wala sikumbuki siku waliyoafikiana hata juu ya nani aliyeiachia ndoo ikazama.

Asili ya mzozo wao, kwa mwenye kuwasikiliza kwa makini, si itikadi wala ilani; ni kura moja. Katika uchaguzi wa Januari 1961 Afro-Shirazi ililichukua jimbo la Chake Chake kwa kura moja tu, ikawa na viti 10, Hizbu 9, na chama cha tatu, ZPPP, 3; na hao watatu walipogawika, wawili wakaenda kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, pande mbili zikasimama kumi na moja kwa kumi na moja, ikabidi watu warudi vituoni mwezi wa Juni. Machafuko yaliyotokea mwezi huo si ya kufanyiwa mzaha, nami siyafanyii. Lakini ile kura moja ya Januari ni mali ya ukoo wetu. Ami anashikilia kwamba ni ya babu, aliyeamka alfajiri, akavaa kanzu yake ya Idd, akaenda kuipiga kabla hata ya kunywa chai. Shangazi naye anashikilia kwamba babu siku ile alikwenda Wesha kutafuta pweza, akarudi Magharibi, vituo vimekwisha kufungwa, na kwamba lau si yule pweza kura zingalilingana na historia ya visiwa hivi ingalisomwa vingine. Babu mwenyewe, kila alipoulizwa, alijibu kwamba kura ni siri, akatia tumbaku yake mdomoni, akanyamaza. Na kwa unyamavu huo akawapa wanawe maneno ya kutosha sikukuu zote za umri wao.

Basi mwaka 2010 nilidhani tumepona. Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF walikuwa wamekutana Novemba ya mwaka uliotangulia, na tarehe 31 Julai wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanaitaka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 wakasema naam. Idd el-Fitr ikaangukia Septemba, baina ya kura hiyo na uchaguzi mkuu wa Oktoba, nami nikafunga safari kutoka Unguja pamoja na shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtu wa Dar es Salaam, mpole, mwenye bashasha, apendaye kuchangia mazungumzo kama achangiavyo harusi, yaani hata zile asizoalikwa.

Zawadi ya shangazi ilinitesa kuliko bahari. Pale Darajani nilimwomba muuzaji anitolee kanga isiyokuwa na kijani wala manjano, kwa kuwa kanga yenye rangi mbili hizo za CCM, hata ikiwa jina lake ni la kumsifu mama mzazi, shangazi angaliifanya tambara la kupangusia meza, tena mbele ya ami. Muuzaji akapekua bunda zima, akanitazama kwa huruma, akasema iliyosalimika ni kisutu, nayo ni ya harusi. Nikainunua. Shangazi, ajuza wa zaidi ya miaka sabini, akaipokea, akaikunjua, akaniuliza bwana harusi nimemwacha wapi.

Na mambo ya rangi si ya kanga tu. Idd moja ya zamani ami aliinua kijiko cha biriani, akaonyesha wali wa zafarani na kotmiri iliyonyunyizwa juu, akamshukuru dada yake kwa kujiunga na chama tawala jikoni. Tangu siku ile hadi leo biriani ya nyumba ile hupakuliwa nyeupe pe, na mgeni akiuliza zafarani iko wapi, huambiwa imepanda bei.

Tulikaa, basi, kuzunguka sinia, shangazi akiwa pamoja nasi wanaume, maana kwa umri wake hula apendapo na hakuna wa kumwondoa. Nilitazamia vita, nikakuta jamala. Ami alimsogezea dada yake achari. Shangazi alimuuliza hali ya goti; akajibiwa kwamba halijambo, alhamdulillahi, na mazungumzo yakaishia hapo. Hawakuwa na jambo la kusemezana. Wakubwa huko mjini walipopatana waliwapokonya wazee wangu wawili hawa sababu ya kukaa pamoja, wala hakuna aliyefikiria kuwalipa fidia.

Aliyeshindwa kustahamili ni shangazi. “Namshukuru Mungu,” alisema, akitazama ukutani, “mwisho wenu mmekubali.”

“Tumekubali sisi?” Ami aliuliza, na tonge likasita njiani. “Dada, aliyekwenda Ikulu ni nani?”

“Aliitwa. Na mwenye kuita ndiye mwenye haja.”

“Mwenye haja ndiye aendaye!”

Loo! Ungaliwaona. Rangi iliwarudi usoni, goti likasahauliwa, na punde si punde tulikuwa Wesha, katika maji ya mwaka 1961, tukimsaka pweza. Watoto waliokwisha kuvaa viatu kwenda kiwanja cha sikukuu cha Tibirinzi walirudi wakakaa mlangoni wasikilize, kwani mchezo wa bure ulikuwa hapa.

Hapo ndipo shemeji alipoona inafaa naye achangie. Akasema, kwa adabu zote, kwamba kwa hakika ami amesema kweli, na watu wa upande wa shangazi ni wabishi mno.

Ami alirudisha tonge siniani. “Wabishi ni akina nani? Huyu uliyemkusudia ni dada yangu.”

Shemeji, akitaka kusawazisha, akaongeza kwamba hata wa CCM nao wana kiburi chao. “Kijana,” alisema shangazi, “mdogo wangu huyu amekitumikia chama chake tangu wewe hujazaliwa. Hebu tueleze, kura yako wewe hupiga wapi?”

Akajibu kwa tabasamu kwamba yeye, kusema kweli, hajapata hata kujiandikisha.

Wazee wakatazamana. Shangazi akanyoosha mkono, akalivuta sinia upande wake, na nyama ilikuwa bado haijaguswa. Ami, ambaye katika uhai wake hakuwahi kuunga mkono hoja ya dada yake, akanigeukia, akaniamuru nilete birika na beseni, mgeni anawe mikono.